Mraba wa mama mkwe

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa Ngamiani, hapa Tanga. Napika maembe, mapera na madanzi kwa sukari, natia kwenye chupa, nauza. Karatasi ya chupa nimeandika "Majamu ya Matunda". Kaka yangu aliyeko Marekani ameona picha, anasema ile ya mapera, ambayo huichuja mpaka inang'aa, ni jeli wala si jamu. Shemeji yangu wa Mombasa anasema ya madanzi ni mamaledi. Mama mkwe, Mpemba, zote huziita mraba, na wanangu wanamcheka kwa kuwa shuleni wamefundishwa kwamba mraba ni umbo la pembe nne. Nibandike jina gani? Na nikipeleka Mombasa pamoja na achari yangu ya embe, majina yatabadilika?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na mama mkwe wako, kwa sababu ndiye anayechekwa na ndiye mwenye neno la zamani kuliko wote hapo nyumbani. Mraba ni matunda yaliyopikwa na sukari mpaka yakashika. Neno hilo limetoka kwenye Kiarabu, murabba, na Waarabu mpaka leo ndivyo wanavyoita kitu hicho. India na Pakistani nako ipo murabba, ambayo aghalabu ni tunda zima au vipande vikubwa vilivyolala ndani ya shira.

Mraba wa darasani ni neno jingine kabisa. Nalo ni la Kiarabu, ila lina herufi ya ain mwishoni, na ukoo wake ni ule wa nne, uliotupa pia robo na arubaini. Kiswahili hakina sauti ya ain. Ilipodondoka, maneno mawili yasiyo na undugu yakabaki na sura moja. Mraba wa chakula ukoo wake ni wa kulea na kukuza, ndimo inamotoka tarbia, ile ambayo masheikh wetu huitumia kwa maana ya malezi. Na hapo pana jambo linalonifurahisha kila nikilifikiria: tarbia nayo ina pacha wa sura. Shairi lenye mishororo minne katika kila ubeti huitwa tarbia, na hiyo inatoka kwenye ukoo wa nne. Kwa hiyo tuna neno tarbia mara mbili na neno mraba mara mbili, na mkato ni uleule: huku malezi, huku hesabu. Wakalishe wanao uwaeleze. Tunda la bibi limelelewa na sukari jikoni, halikupimwa kwa rula.

Kisarufi, mraba unakwenda na u-: mraba umeshika, mraba wa maembe. Uwingi wake, miraba, uwaachie walimu wa hesabu. Kitu cha kuteka kwa kijiko hatukihesabu chenyewe, twahesabu chombo chake au aina yake. Ndiyo sababu "majamu" uliyoandika inakwaruza sikio. Sema chupa tatu za jamu, au aina tatu za jamu, kama tunavyosema chupa mbili za asali bila kusema "maasali". Jamu yenyewe haina kosa. Imetoka kwenye Kiingereza, imeingia ngeli ya i- na zi-, na kila muuza duka anaielewa. Wengine huandika jemu. Mimi huandika jamu, kwa kuwa ndivyo nisikiavyo ikitamkwa Tanga. Jua tu kwamba Nairobi ukitaja jamu, mtu anaweza kudhani unalalamikia foleni ya magari.

Sasa jeli ya kaka yako, na hapa nitakawia.

Kaka yako yu sahihi huko aliko. Marekani jamu hupikwa kwa tunda lenyewe lililopondwa, na jeli hupikwa kwa maji ya tunda yaliyochujwa, ikatoka angavu bila nyama wala kokwa. Ndiyo wanayoipaka kwenye mkate pamoja na siagi ya karanga. Tofauti hiyo imo hata katika kanuni za serikali yao. Lakini Mwingereza akitaja jeli, mara nyingi anakusudia kitu kingine: kile kitamutamu cha watoto kinachotetemeka kwenye bakuli, kinachogandishwa kwa gelatini. Najua Waingereza nao wana jeli chache za kuchujwa, hasa zile za kulia nyama, ila si hizo zinazomjia mtu kwanza. Na sisi maana tuliyoichukua ni ya Uingereza, kwa kuwa ndiyo iliyotawala Tanganyika baada ya Wajerumani mpaka 1961. Ndiyo maana biskuti yetu ni kavu na inavunjika mdomoni, wakati ya Marekani ni mkate mdogo laini ambao watu humwagia mchuzi mzito asubuhi. Ndiyo maana pia chipsi zetu ni viazi vinavyotoka motoni kwenye karai. Kaka yako akiagiza chipsi huko, ataletewa pakiti ya zile tunazoziita krispi.

Kwa hiyo ukiandika "Jeli ya Mapera" Ngamiani, mnunuzi atafikiria kitu cha kutetemeka. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba gelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na katika mji kama wetu mama mwenye watoto atasimama mbele ya chupa ajiulize ni mnyama gani na alichinjwaje. Utakuwa umemtia mtu shaka juu ya chakula kisicho na shaka yoyote. Mapera yako yameshika kwa pektini yake yenyewe, kile kigandishi kilichomo ndani ya matunda. Pera lina pektini nyingi, hasa likiwa halijaiva sana, na maganda na kokwa za danzi ni hivyohivyo. Embe bivu halina nyingi, nadhani ndiyo sababu wapishi wengi hulikamulia ndimu.

Neno jeli asili yake ni kuganda kwa baridi, kutoka kitenzi cha Kifaransa geler. Kuganda tunako tayari, katika maziwa ya mgando na mafuta ya mgando, ila sikushauri useme "mapera ya mgando", kwani mafuta ya kupaka mwilini yamekwisha kulimiliki neno hilo. Sema "iliyochujwa". Inaeleza kile ulichokifanya jikoni, na inatosha.

Shemeji wa Mombasa naye ana haki kuliko anavyojua. Mamaledi ya Waingereza, ile yenye vipande vya maganda, asili yake hupikwa kwa machungwa machungu yanayotoka Seville, Uhispania. Chungwa chungu ndilo danzi letu. Watu wengi wa pwani wanapika machungwa matamu ya Muheza wakashangaa mbona utamu umezidi na ule uchungu wa mamaledi haupo. Danzi lipo uani. Hata hivyo jina hilo limetangatanga sana. Lilianzia Ureno, kwa tunda gumu liitwalo marmelo, na Ureno mpaka leo marmelada ni ya tunda hilo, tena nzito ya kukatwa kwa kisu. Wajerumani wakaipa kila jamu jina hilo. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya 2001, ukalifunga kwa jamii ya machungwa na ndimu peke yake, kisha mwaka 2024 ukalegeza, nchi inayotaka iruhusu jamu nyingine ziitwe hivyo. Kanuni hiyohiyo ya 2001 inahesabu karoti na viazi vitamu kuwa matunda linapokuja suala la jamu, kwa kuwa Ureno hupika jamu ya karoti. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nililirudia.

Mapera nayo yana kisa na Wareno. Kwao pera ni tunda jingine, lile la nchi za baridi ambalo hata Lushoto hulimwa. Jina likashuka pwani likakaa juu ya tunda hili letu lenye kokwa nyingi. Brazil, waliko wasema Kireno wengi zaidi, pera letu huitwa goiaba, na hupikwa na sukari mpaka likakatwa vipande kama halua. Ukitaka bidhaa ya nne, hiyo hapo.

Basi kwenye karatasi, mimi ningeweka neno la mama mkwe juu kwa maandishi makubwa, na neno la dukani chini yake kwa madogo. Chupa ya kwanza: Mraba wa Maembe, jamu. Ya pili: Mraba wa Mapera, jamu iliyochujwa, haina gelatini. Ya tatu: Mraba wa Madanzi, mamaledi yenye maganda. Mtoto atakayecheka dukani ataulizia, na muuzaji atamweleza.

Ukivuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa, majina hayo matatu hayahitaji kuguswa. Achari ndiyo itakayokuletea maneno. Yako, kama naielewa, ni ya mafuta na viungo, ya kulia wali na samaki. Mombasa, hasa kwa watoto, achari ni vipande vya embe vilivyokaushwa, vyekundu, vya sukari na pilipili, vinavyouzwa kando ya mabuyu, ambayo sisi huita ubuyu. Mtu akiagiza kwa simu bila kuona, atakasirika akifungua chupa akakuta mafuta. Andika Achari ya Embe ya Kulia Wali.