Mnaoanza kazi ya injini, msibahatishe

Wadogo zangu mnaoanza kujifunza injini hapa Mwanza, iwe ni darasani Nyakato au kwa fundi kule mwaloni Kirumba, najua mmeshachoshwa na habari ya Thomas Edison na majaribio yake elfu kumi ya kutafuta taa ya umeme. Wahamasishaji huisimulia kana kwamba jamaa alikuwa anapapasa gizani hadi taa ikawaka yenyewe. Pale Menlo Park, kwenye maabara yake huko Marekani, alikuwa na kikosi kizima cha mafundi, na walichojaribu walikiandika daftarini. Oktoba 1879, uzi wa pamba uliochomwa ukawa kaboni ulipowapa taa ya kudumu kwa saa nyingi, walikuwa na rundo la maandishi kuhusu vilivyokataa.

Mimi huwasimulia vijana habari za Rudolf Diesel, Mjerumani aliyevumbua injini ya dizeli, maana kazi yake mnaishika kila siku: jenereta, mashine ya kusaga, Fuso la dagaa, hadi meli za ziwani. Akiwa mwanafunzi Munich alifundishwa kwamba injini ya mvuke inapoteza karibu joto lote la mafuta, na kinachogeuka kuwa kazi ni asilimia 10 au pungufu. Jambo hilo likamganda kichwani kwa miaka. Agosti 1893, katika kiwanda kimoja mjini Augsburg, injini yake ya kwanza ikajaribiwa. Mafuta yakalipuka ndani ya silinda, kipimo cha mgandamizo kikapasuka na vipande vikaruka. Diesel alinusurika. Injini yenyewe haikuweza kujiendesha.

Hata hivyo alikuwa amepata jibu moja: hewa ikigandamizwa vya kutosha, mafuta yanawaka bila plagi ya kutoa cheche. Hilo akaliweka kando kama jambo lililokwisha, akahamia kwenye yaliyobaki. Hesabu zake za mwanzo zilidai mgandamizo mkubwa mno, akakubali kuushusha, ingawa ndio aliouandikia hataza, yaani haki ya uvumbuzi wake. Hapo ndipo namheshimu zaidi, kwa sababu wapo mafundi wazee (siwataji) ambao hawarudi nyuma hata injini ikiwatolea moshi usoni. Februari 1894 injini iliyorekebishwa ilizunguka yenyewe kwa kama dakika moja. Ikapita miaka mitatu mingine, na sehemu kubwa ya taabu ilikuwa namna ya kuyaingiza mafuta kwenye silinda yakiwa matone madogo kama ukungu. Mwaka 1897 ikapimwa rasmi: asilimia 26.2 ya joto la mafuta iligeuka kuwa kazi.

Kwa hiyo injekta, kile kifaa cha kupuliza mafuta kwenye silinda, inapowasumbua, mjue kazi hiyo ilimsumbua hata Diesel mwenyewe.

Sasa tazameni tunavyofanya karakana. Jenereta imeletwa, haiwaki. Kijana mwenye bidii anabadilisha chujio, anasafisha nozeli, anatoa upepo kwenye mafuta na kugusa taimingi (wakati wa mafuta kuingia silinda), vyote kwa mkupuo. Ikiwaka anashangiliwa. Ikirudi keshokutwa na ugonjwa uleule, hakuna anayejua kilichoiponya mara ya kwanza, na mteja anadaiwa spea nyingine. Gusa kitu kimoja, jaribu, andika, kisha nenda kwenye kingine. Inachosha, na fundi wako huenda akakuona mzembe kwa wiki za mwanzo.

Hata Wilbur na Orville Wright, mafundi baiskeli wa Dayton, Marekani, waliokuwa wakitafuta kuunda ndege, walikwama mwaka 1901 kwa sababu mabawa yao hayakuinua uzito kama majedwali ya wenzao yalivyoahidi. Hawakukimbilia kujenga jingine kubwa zaidi. Walitengeneza sanduku la kupitishia upepo, na vipimo vyake wakaviunda kwa spoku za baiskeli na misumeno ya chuma iliyochakaa, wakapima maumbo ya mabawa kama 200. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao ikaruka kwa mara ya kwanza, sekunde 12. Injini yake aliiunda fundi wao, Charlie Taylor, kwenye duka lilelile la baiskeli. Ukisema huna vifaa, pita kwanza kwa mafundi bati uone wenzako wanavyofanya na bati chakavu.

Ila msidanganywe kwamba kuvumilia kunalipa siku zote. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 namna ya kuimarisha mpira kwa salfa na joto, baada ya kufungwa gerezani kwa madeni, na mwaka 1860 akafa bado anadaiwa. Kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa 1898 na watu wengine kabisa. Diesel alikuwa na fedha za kiwanda cha Augsburg na za Krupp, kampuni kubwa ya chuma, nyuma yake, na bado aliishia kwenye madeni. Wewe una nauli ya daladala ya kurudi Igoma.

Basi ukipewa injini mbovu ya kujifunzia, elewana kwanza na mwenye chombo ni nani analipia gasketi na mafuta ya kujaribia. Liandike daftarini juu kabisa, kabla hata ya namba ya injini.