Ulipozima antivirusi, mlango umeufungua wewe

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimefungua steshenari, naomba unirushie ile programu ya kuaktiveti Windows na Office." Sikumrushia. Namjibu hapa, maana jambo hili bado linaniuma.

Septemba 2019 nilikuwa na steshenari Mbagala, kompyuta mbili na printa moja, na niliijenga kwa jasho langu. Windows ilianza kunidai leseni, nikaingia mtandaoni nikashusha KMSPico, programu ya kuidanganya Windows iamini ina leseni. Agizo la kwanza lilikuwa kuzima antivirusi. Nikazima.

Kesho yake asubuhi kila faili limeota mkia wa .gero. Picha za pasipoti, barua, ripoti za wanachuo, hakuna kinachofunguka. Ndani ya kila foda kuna faili geni, _readme.txt. Nililisoma nimesimama: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 ni dola 490. Ni kirusi cha jamii ya STOP, kinachofunga mafaili yako na kudai fidia, na kraki, yaani programu za kukwepa leseni, ndiyo njia yake kubwa. Flashi ya nakala nilikuwa nimeiacha imechomekwa, nayo ikaliwa.

Saa nne akaja binti wa mwaka wa tatu, amebakiza sura ya mwisho ya utafiti wake. Alikaa kwenye stuli, akaitazama skrini, hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Ndugu zangu, elewa unachokiingiza. KMS ni mfumo wa Microsoft kwa taasisi zenye kompyuta nyingi: mashine inajiandikisha kwa seva ya taasisi na kupewa kibali cha siku 180. Programu kama KMSPico zinajifanya seva hiyo ndani ya mashine yako, kwa hiyo unazikabidhi mamlaka yote. Desemba 2021 kampuni ya Red Canary ilieleza jinsi Cryptbot, programu ya wizi wa taarifa, ilivyopachikwa ndani ya KMSPico, inachota paswadi kwenye brauza na pochi za sarafu za kidijitali. Wewe unayefungulia wateja barua pepe zao hapo dukani, utawaambia nini?

Usizime antivirusi. Narudia, usizime. Windows isiyo na leseni inawaka na kufanya kazi. Vumilia maandishi ya pembeni ya skrini yanayokudai leseni mpaka upate hela. LibreOffice ni ya bure na inafungua mafaili ya Word. Nakala ikikamilika, chomoa diski.

Ripoti ya yule binti nilimchapia upya bila malipo, usiku tatu, kutoka kwenye daftari lake. Kijana wangu, njoo dukani na kompyuta yako, LibreOffice nitakuwekea mwenyewe.