Somo la Mikoko Huanzia Kwenye Kopo la Kunde

Walimu wenzangu wa Mtwara na Lindi wanaponiuliza waanzie wapi wanapotaka kuwatoa wanafunzi nje wajifunze mazingira kwa macho na mikono yao, huwa nawajibu kwamba waanzie ndani ya darasa. Jibu hilo nilifundishwa na kosa langu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipowapeleka wanafunzi wa darasa la tano kwenye mikoko ya ghuba ya Mikindani, nilikuwa nimeandaa barua za wazazi, maji ya kunywa na madaftari, lakini sikuwa nimeandaa swali, wala sikuwa nimeutazama mwezi. Tulifika saa nne asubuhi tukakuta maji yamejaa na mizizi yote imefunikwa. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri maji yapwe ili aokote chaza aliniambia kwa upole, "Mwalimu, siku hizi ni za maji mafu. Watoto walete mwezi ukiandama." Watoto walitazama majani kwa mbali, kisha tukarudi shuleni.

Maneno ya mama yule ndiyo yaliyonipangia kalenda. Bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, huja siku zilizo karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na katika pwani yetu siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, wakati ambao wanafunzi wako shuleni. Mwezi ukiwa nusu, siku za maji mafu, saa hizo hizo maji huwa yamejaa. Tena kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, hivyo safari iliyoahirishwa kwa siku tatu inahitaji hesabu mpya. Siku hizi nawaagiza wanafunzi wachore umbo la mwezi kila jioni kwa majuma mawili, nao ndio wanaochagua siku ya kwenda.

Katika majuma hayo mawili darasani huwa pana makopo mawili dirishani. Tunapanda kunde katika yote mawili, na miche ikishachipua vizuri, kopo moja tunalimwagilia maji ya kisima na jingine maji ya bahari. Haipiti siku nyingi kabla miche ya maji ya bahari haijanyauka na kufa. Wanafunzi wa pwani wamekulia karibu na mikoko na hawajawahi kuistaajabia, lakini wakishaiona kunde yao imekufa kwa chumvi, huuliza wenyewe: mbona mikoko haifi? Sitoki darasani kabla swali hilo halijatoka vinywani mwao.

Tukifika mikokoni, hatutafuti vitu vingi. Nawagawa katika makundi ya wanafunzi wanane, na kila kundi linapewa mti mmoja na mtu mzima mmoja. Tunaanza na mchu, aina mojawapo ya mikoko, kwa sababu jani lake hutoa chumvi nje kupitia vinyweleo vidogo sana, na siku ya jua kali chumvi hiyo huonekana juu ya jani kama vumbi jeupe. Nawaruhusu waguse kwa ncha ya ulimi. Hakuna maelezo ya ubaoni yanayoweza kushindana na uso wa mtoto anayeonja jani na kukuta lina chumvi. Baada ya hapo tunahesabu mizizi ya mchu inayochomoza juu ya tope kama penseli, ndani ya duara la kamba ya mita moja, na ndipo ninapoeleza kwamba tope lile halina hewa ya kutosha, hivyo mti unapumulia mizizi hiyo. Watoto wakishalijua hilo, huanza wenyewe kuonyana wasiikanyage.

Kuhusu usalama nitasema kwa kifupi: ndala hunasa kwenye tope na chaza hukata miguu, kwa hiyo wavae raba kuukuu zilizofungwa kwa kamba. Msitu wa mikoko ni msitu wa hifadhi wa serikali, basi hakuna kukata tawi. Walimu wa Msimbati na vijiji jirani wako ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000, inayofika hadi maingilio ya Mto Ruvuma, na ni vyema wazungumze kwanza na wahifadhi wao, ambao mara nyingi ni walimu wazuri kuliko sisi.

Shule zilizo mbali na bahari, kuanzia Newala hadi Nachingwea, zisijione zimenyimwa. Mkorosho mmoja uliopo uani unatosha kwa mwaka mzima. Unapochanua, leteni kikonyo kimoja cha maua darasani ndani ya chupa ya maji, mtenganishe maua ya kiume na yale yenye sehemu zote mbili, kisha mjiulize ni mangapi yatakuwa korosho. Halafu tokeni mkawatazame majimoto, sisimizi wa mitini, wanavyoyashona majani kwa nyuzi zinazotoka kwa mabuu wao. Watoto wengi hudhani wadudu hao ni maadui kwa sababu wanauma, ilhali ndio wanaowafukuza mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi yake. Miti ikiwa imepulizwa salfa siku hiyo, ahirisheni.

Sisi wa pwani tunarudi na rungu moja la mkoko, yaani mche wake mrefu, lililoanguka lenyewe, maana mbegu ya mti huo huota ikiwa bado imening'inia juu. Tunalisimamisha ndani ya chupa pale pale kunde zilipokuwa, na kila Jumatatu mwanafunzi mmoja hulipima kwa rula. Mwaka jana mtoto mmoja aliuliza iwapo lingeota hata kwa maji ya kisima. Tukatafuta chupa ya pili.