Eti milima ndo iliwagawa Wagiriki? Maswali yenu na majibu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mama wa hapa Mikindani, mwanangu anasoma historia, kaambiwa shuleni Wagiriki wa kale walikuwa na vinchi vidogo vidogo kila kona kwa sababu ya milima. Nkamuuliza mbona Newala kuna mwinuko ule wote na Wamakonde hawakufanya hivyo, akaniambia mama we hujui. Hivi nani mkweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kijana hajadanganywa ila kapewa ganda la korosho, kiini kimebaki huko huko.

Milima Ugiriki ipo, tena mingi. Sasa chukua Attika, ile nchi ya Athens, kama kilomita za mraba 2,500 hivi, ina Parnes, ina Hymettos, ina Pentelikon, milima kweli kweli, na bado ilikuwa nchi moja. Alafu vuka bahari kidogo tu uende kisiwa cha Keos, kilomita za mraba kama 130, humo humo kulikuwa na dola-mji nne, yaani miji inayojitawala, wenyewe wakiita polis, Ioulis, Karthaia, Koressia na Poiessa, kila mmoja mji wenye mambo yake. Na Boiotia, jirani wa Attika, yenye mabonde mapana ya kulima, Thebes yupo hapa, Orchomenos pale, Plataia kule, na hawapatani. Mlima gani huo unaokata kisiwa vipande vinne alafu unashindwa Attika?

Mi naona tuanze na ikulu. Kabla ya mwaka 1200 KK hivi Wagiriki walikuwa na wafalme wakubwa, Mycenae, Pylos na kwingineko, na kwenye hizo ikulu makarani walikaa na vibao vya udongo wanaandika kondoo wangapi, mafuta kiasi gani, magurudumu mangapi ya magari ya farasi. Ikulu zikaja kuungua na kuanguka, sababu wataalamu wanagombana mpaka leo, na maandishi yakafa kabisa maana kazi yake ilikuwa kumhesabia mfalme na mfalme hayupo. Watu wakapungua, wakabaki kwenye vijiji. Mfalme mkubwa alikuwa anaitwa wanax, chini yake kulikuwa na mtu mdogo tu wa eneo, sema kama jumbe wa huku kwetu, anaitwa basileus. Ikulu ilipoondoka wanax akaondoka nayo, jumbe akabaki. Miaka mia kadhaa baadaye ukimsikia Mgiriki anasema mfalme anatamka basileus, yaani jumbe ndo kapanda cheo kwa kukosa wa kumzuia, ila hakuwa na jeshi wala ghala la kuwatisha wenzake, ilibidi akae nao barazani waongee.

Kufika miaka ya 700 KK watu wanaongezeka tena, wanafanya biashara na Wafoinike, wale mabaharia wa pwani ya Lebanon, na kuchukua herufi zao, wanajenga hekalu la pamoja badala ya kila mkubwa kuzika mali kwenye kaburi lake, na ardhi inaanza kuwa haba mpaka wengine wanapanda merikebu kwenda kuanzisha miji mingine, watu wa Korintho wakaanzisha Syracuse kule Sisili mwaka 733 KK. Na ukianzisha mji mtupu ufukweni, swali la kwanza ni nani anapata kiwanja gani, hapo lazima mkubaliane na mkishakubaliana muandike.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote kipo Dreros, mji mdogo wa Krete ambao wengi hawajawahi kuusikia. Kwenye ukuta wa hekalu walichonga sheria, kati ya 650 na 600 KK, moja ya za zamani kabisa zilizobaki Ugiriki. Inasema mji umeamua hivi, mtu akishakuwa mkubwa wa mji asishike tena cheo hicho mpaka ipite miaka 10, na aking'ang'ania akahukumu watu, faini aliyotoza atailipa yeye mara mbili. Soma tena pale mwanzo, MJI UMEAMUA. Sio fulani bin fulani. Hao ni watu waliokwisha kung'atwa na mkubwa wao wakasema basi, na mlima hauhusiki hapo. Kwa hiyo mama hoja yako ya Newala ina nguvu, mwambie kijana.

SWALI: Mwalimu, nipo Kilwa Masoko. Kisiwani nayo tuiite dola-mji kama Athens?

JIBU: Dola-mji ndio, kama Athens hapana. Ukishuka kwenye mashua pale Kisiwani unaona ule msikiti mkubwa wa mawe ya matumbawe, ule ni mji uliojitegemea, una sarafu zake, unashika biashara ya dhahabu ya Sofala kule pwani ya Msumbiji, Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, kaufikia 1331. Na kama Wagiriki, miji yetu ya pwani ilikuwa na lugha moja na dini moja huku kila mmoja na bwana wake. Ila Kilwa ilikuwa na sultani, huwezi kukuta jiwe linamwambia apumzike miaka 10. Hadithi zao za mwanzo ndo zinafanana kabisa, Athens wanasema Theseus, mfalme wao wa hadithi, peke yake alikusanya vijiji vyote kuwa mji mmoja, Kilwa wanasema Ali bin Hassan alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizungusha chote. Mi nasemaga kila mji ukishanona unajitafutia babu mmoja.

SWALI: Eti neno polisi limetokana na hiyo polis yao? Msomaji, Nachingwea.

JIBU: Kweli kabisa, limepita Kilatini na Kifaransa mpaka likatufikia. Kichekesho ni kwamba Athens walioweka utulivu mkutanoni walikuwa watumwa wa mji, wapiga mishale wa Kiskithi, watu wa nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi. Na raia wakizembea sokoni wakati mkutano unaanza, walikuwa wanasukumwa kwa kamba iliyopakwa rangi nyekundu, ukiguswa umechafuka nguo na kila mtu anajua ulichelewa.