Binadamu alitokea, alitoka au alitokana na Afrika?

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Ujiji, Kigoma. Kwenye ubao wa habari wa shule niliandika: "Cheikh Anta Diop wa Senegali aliwapinga Wazungu waliodai binadamu alitokana na Ulaya. Yeye alisema alitoka Afrika." Mwenzangu akafuta "alitoka", akaandika "alitokea". Nani kapatia?

JIBU: Mwenzako, Mwalimu. Ila angefuta na "alitokana".

"Kutokana na" hudai asili au sababu: mawese yanatokana na chikichi, mafuriko yanatokana na mvua. Ulaya ni mahali tu, haikukamuliwa binadamu.

"Kutoka" ndiko kwenye utata. "Huyu ametoka Kasulu" huenda ndiko kwao, huenda kapita tu. Na ukisikia "meli ya Liemba imetoka Kigoma", hutaikuta gatini. Kwa Diop, mwanahistoria huyo, utata huo una gharama, maana alitetea mambo mawili: kwamba binadamu wa sasa alianzia Afrika, na kwamba baadaye akaondoka kwenda kujaza mabara mengine. La kwanza ni kutokea, la pili ni kutoka. Ukiandika "alitoka" peke yake, msomaji hajui unasema lipi. ("Kutokea" nako huonyesha mwendo, kama treni ikitokea Tabora, lakini hapo huwa pametajwa safari.)

Na hao "Wazungu" wapunguze. Charles Darwin alikwisha kukisia Afrika mwaka 1871. Wengine ndio waliong'ang'ania kwao, hata wakalipokea fuvu la Piltdown lililotangazwa Uingereza mwaka 1912 kuwa ni la babu wa kale. Mwaka 1953 ikabainika ni fuvu la mtu wa juzijuzi lililounganishwa na taya la orangutani, meno yamepigwa tupa ili yafanane na ya mtu, mifupa imetiwa rangi ionekane mikongwe. Miaka arobaini na moja! Diop, aliyeendesha maabara ya kupima umri wa vitu vya kale kwa kaboni huko Dakar, hakuliacha lipite. Alilijadili katika kitabu chake cha mwaka 1981. Humo alipambana pia na nadharia kwamba kila bara lilipata binadamu wake, na kwangu mimi hiyo ndiyo hoja ya kuwapa wanafunzi.

Ubaoni andika hivi: "Cheikh Anta Diop alipinga madai kwamba binadamu wa sasa alitokea katika kila bara kivyake. Alishikilia kwamba alitokea Afrika, kisha akatoka kwenda kwingine."