Refa Akichemsha: Jinsi ya Kulalamika kwenye Mpira wa Vyuo vya Marekani

Katika mpira wa Marekani, timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Manne, si matano. Tarehe 6 Oktoba 1990, mjini Columbia, Missouri, Chuo Kikuu cha Colorado kilipewa matano. Kilifunga kwenye hilo la tano wakati saa inakata, kikaondoka na ushindi wa 33-31. Msimu ulipoisha, Colorado hao hao wakatangazwa mabingwa wa taifa kwa kura za waandishi zinazoendeshwa na shirika la habari la AP, huku kura za makocha zikiwapa Georgia Tech. Mtajie shabiki wa Missouri aliyeishuhudia mechi ile, uone anavyobadilika sura.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu ya swali ambalo Waswahili wenzangu wa hapa Texas huniuliza kila msimu unapofunguliwa: "Kaka, hawa marefa wamenunuliwa?" Wananiuliza mimi kwa kuwa huchezesha mechi za sekondari Ijumaa usiku, na sekondari za Texas hutumia kitabu cha sheria cha vyuo, na marekebisho machache tu. Jumamosi nakaa mbele ya televisheni kama wao, nazitazama mechi za vyuo kwa jicho la mtu aliyevaa jezi ya mistari jana yake. Jibu langu ni kwamba sijawahi kuona sababu ya kuamini hivyo. Lakini jibu hilo halimfuti machozi mtu ambaye timu yake imedhulumiwa kweli. Dhuluma zipo, nyingine zimeandikwa kwenye rekodi kwa wino usiofutika. Ninachotaka kuwaambia ni namna ya kulalamika ukasikika.

Jambo la kwanza kabisa ni kujiuliza kosa limetokea wapi: machoni au kwenye kitabu. Kosa la macho ni pale mwamuzi ameona tukio vibaya, au hakuliona kabisa. Kosa la kitabu ni pale ameona sawasawa, kisha akatumia sheria isiyo yake au akakosea utaratibu. Shabiki wengi huwaka kwa lile la kwanza. Mimi nawaambia hasira yenu iwekeni akiba kwa la pili.

Chukua mechi ya Oklahoma State na Central Michigan, tarehe 10 Septemba 2016 mjini Stillwater. Oklahoma State wanaongoza 27-24, zimebaki sekunde chache, ni jaribio la nne. Kwotabeki wao (mchezaji anayerusha pasi), Mason Rudolph, anatupa mpira mbali pasipo na mpokeaji ili saa iishe. Saa ikaisha kweli. Waamuzi wakampigia faulo, na faulo yenyewe ilikuwepo: huruhusiwi kuutupa mpira ovyo namna ile. Halafu wakawapa Central Michigan mchezo mmoja, yaani jaribio moja, wa nyongeza bila saa, kwa hoja kwamba mechi haiwezi kumalizika kwa faulo. Hapo ndipo palipoharibika. Kitabu kinasema muda hauongezwi kama adhabu ya faulo hiyo inakwenda pamoja na kupoteza jaribio, na faulo hii ni mojawapo. Mechi ilikuwa imekwisha. Central Michigan wakarusha pasi ndefu, mpokeaji akaudaka karibu na lango, akamrushia mwenzake, mwenzake akakimbia hadi ndani. Yadi 51, na matokeo 30-27.

Pale hapakuwa na mtu aliyezibwa macho na msongamano wa wachezaji. Waamuzi wote walisimama, wakajadiliana, wakiwa na muda wa kutosha, na chumba cha video kilikuwepo. Hakuna aliyesema "jamani, hii haiongezwi." Baadaye waamuzi wa uwanjani na wale wa video walisimamishwa mechi mbili. Kosa kama hilo sina lugha laini ya kulitetea.

Lile la Columbia nalo ni la kitabu, na limenifundisha kazi kuliko semina yoyote. Colorado walifika yadi ya tatu wakiwa na jaribio la kwanza. Wakaupiga mpira chini makusudi ili kusimamisha saa: hilo la kwanza. La pili, Eric Bieniemy akakimbia akazuiwa, Colorado wakaomba muda wa mapumziko. Kwenye mapumziko hayo, kibao kinachoonyesha namba ya jaribio, kile kinachoshikwa pembeni ya uwanja pamoja na mnyororo wa kupimia yadi, hakikubadilishwa. Kikabaki kwenye namba mbili. Kuanzia hapo kila kitu kikawa nyuma kwa moja. Bieniemy akazuiwa tena, mpira ukapigwa chini tena kusimamisha saa, na hayo yakawa manne. Kibao kikasoma kwamba bado moja. Kwotabeki wao, Charles Johnson, akaingia nao mwenyewe.

Ndiyo maana refa wa mpira huu akiwa kazini, ukimtazama mkono kwa makini, utaona kijiraba kimefungwa kwenye kifundo cha mkono na kitanzi chake kimevishwa kidole. Jaribio la kwanza kidole cha shahada, la pili cha kati, na kuendelea. Kila mwamuzi na chake. Muda wa mapumziko ukiombwa ndipo hatari inapokuwa kubwa, maana kila mtu anaongea na kila mtu: kocha anakuita, saa inarekebishwa, maji yanaingia. Kikosi chetu kabla mchezo haujarudi huonyeshana vidole kutoka pande zote za uwanja. Mtu akionyesha tofauti, hatuanzi. Ukiwa shabiki, ujue kuhesabu na wewe. Waliokuwa Columbia siku ile na walihesabu, walijua wanaibiwa kabla pumzi haijashuka.

Makosa ya macho ni habari nyingine, na hapo nawaomba subira. Mpira wa vyuo vikubwa unachezeshwa na waamuzi wanane, na karibu hakuna hata mmoja anayefuata mpira jinsi kamera inavyoufuata. Mimi nikiwa pembeni kwenye mstari wa mbele, sekunde ya kwanza macho yangu yapo kwenye mstari: nani kavuka kabla ya wakati, nani hajajipanga. Kisha yanahamia kwa mchezaji niliyekabidhiwa. Kukitokea kushikana upande wa pili, sikuona na sikupaswa kuona. Nyumbani wewe umeona kwa sababu kamera ilikuwa juu, na mtangazaji amekurudishia mara kadhaa kwa mwendo wa konokono.

Halafu kuna ule mstari wa njano unaouona kwenye televisheni, unaoonyesha timu inapaswa kufika wapi. Umechorwa na kompyuta kwa ajili yako mtazamaji. Uwanjani haupo na hauna nguvu yoyote kisheria. Michigan na Ohio State waligombana kwa kitu cha aina hii tarehe 26 Novemba 2016: muda wa nyongeza wa pili, jaribio la nne, J.T. Barrett wa Ohio State kafika au hajafika? Waamuzi wakasema kafika, video ikashindwa kuonyesha vinginevyo bila shaka, mchezo uliofuata Ohio State wakafunga wakashinda 30-27. Kocha Jim Harbaugh aliwasema waamuzi hadharani, Michigan ikapigwa faini ya dola 10,000. Nimeitazama picha ile kila upande. Siwezi kuapa kwamba alifika, wala kwamba hakufika, na mtu anayeapa namwonea wasiwasi.

Waliozoea VAR ya soka hukosea wakidhani video ya huku inaweza kufuta chochote. Haiwezi. Inagusa mambo yaliyotajwa kwenye kitabu: mpira umedakwa au haukudakwa, goti liligusa chini au bado, mguu ulitoka nje. Faulo nyingi, ikiwemo ile ya kumzuia mpokeaji asidake pasi, haziguswi. Kumgonga mtu kichwani kunaguswa, kwa sababu adhabu yake ni kufukuzwa mchezoni. Na ili kubadilisha uamuzi wa uwanjani ushahidi lazima uwe wazi kabisa. Ukiwa na mashaka, uamuzi unabaki. Ukijua hivyo, hutapoteza sauti yako ukipiga kelele "angalieni video!" kwa kitu ambacho chumba cha video hakina ruhusa nacho.

Ila pale chenye ruhusa kikashindwa, piga kelele. Oregon na Oklahoma, tarehe 16 Septemba 2006, uwanja wa Autzen mjini Eugene. Oregon wako nyuma 33-27, wanapiga teke fupi la kuanzisha ili waupate wao. Sheria inataka mpira usafiri yadi 10 kabla timu iliyoupiga haijaugusa. Mchezaji wa Oregon aliugusa kabla, kila aliyetazama aliona, na mchezaji wa Oklahoma ndiye aliyeibuka nao mkononi. Uamuzi ukaenda kwenye video, video ikawapa Oregon. Wakafunga, 34-33. Konferensi (yaani ligi ya vyuo) ya Pac-10, ambayo ndiyo iliyotoa waamuzi wa siku ile, iliomba radhi na kuwasimamisha mechi moja. Rais wa chuo cha Oklahoma, David Boren, akataka mechi ifutwe kwenye rekodi. Haikufutwa.

Na hapa ndipo ninapotaka kusimama, kwa sababu mtu aliyekuwa kwenye chumba cha video siku ile alipokea vitisho vya kuuawa. Watu walimpigia nyumbani. Hata ningekuwa mzaliwa wa Oklahoma nisingeona mahali pa kulitetea jambo hilo. Mimi mwenyewe mzazi mmoja alishawahi kunifuata hadi kwenye gari baada ya mechi ya watoto wa miaka 15, akinitajia rangi yangu na lafudhi yangu, kwa faulo ambayo hata kocha wa mwanawe aliikubali. Nilifunga milango nikakaa kimya. Marefa ni wachache nchi nzima hii, na waliokwisha kuacha kazi hii niliokuwa nao hawakuacha kwa sababu ya malipo kidogo. Waliacha kwa sababu ya maegesho ya magari.

Wapo watakaoniambia kelele za jukwaani zinasaidia, wakataja Austin. Tarehe 19 Oktoba 2024 Texas walikuwa nyumbani dhidi ya Georgia. Jahdae Barron wa Texas akaiba pasi, waamuzi wakampigia faulo ya kumzuia mpokeaji. Faulo haikuwepo. Mashabiki wakarusha chupa uwanjani, mechi ikasimama, na wakati uwanja unasafishwa waamuzi wakakutana wakaifuta faulo. Konferensi ya SEC ilisema baadaye kwamba mwamuzi aliyepiga faulo ile aliwaeleza wenzake kuwa amekosea. Uamuzi wa mwisho ulikuwa sahihi, nakubali. Lakini chuo kikatozwa faini ya dola 250,000, Georgia wakashinda 30-15 vilevile, na watu wakajifunza kwamba chupa zinanunua muda wa kufikiri. Siku chupa hiyo itampata mtoto anayegawa maji pembeni ya uwanja, tutamlilia nani?

Basi ulalamike kwa nani? Kwa konferensi. Watu wengi hawajui kwamba waamuzi wa vyuo hawaajiriwi na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. NCAA inaandika kitabu. Konferensi ndizo zinazowachagua waamuzi, zinawapanga, zinawalipa kwa mechi na kuwapa alama kila wiki. Wengi wao wana kazi nyingine Jumatatu: walimu, mawakala wa bima, mawakili. Mechi hizi zinaingiza mamilioni ya dola kupitia mikataba ya televisheni, kocha mkuu analipwa mamilioni, na anayeamua hatima yao anaomba ruhusa kazini ili awahi ndege Ijumaa. Jambo hilo ndilo la kuandikia barua. Ukiandika, taja robo, dakika, namba ya jaribio na kifungu cha sheria. Omba maelezo yatolewe hadharani. Usimtaje mtu nyumbani kwake, usiandike "mmehongwa." Chuo chako kina mkurugenzi wa michezo, naye ana njia rasmi ya kupeleka mchezo ukapimwa, mpelekee yeye nakala.

Shinikizo hilo hufanya kazi kwa kiasi. Duke na Miami walipomaliza mechi yao ya tarehe 31 Oktoba 2015 kwa ule mkimbio wa kupasiana nyuma mara nane, Miami wakishinda 30-27, siku iliyofuata tu konferensi ya ACC ilitoa orodha ya makosa: goti la mchezaji wa Miami lilikuwa limegusa chini, kusukumwa mgongoni kulikoachwa, mchezaji aliyeingia uwanjani kutoka benchi kabla mchezo haujaisha. Waamuzi wakasimamishwa mechi mbili. Duke wakabaki wamefungwa.

Kwa nini matokeo hayarudi? Kwa sababu kitabu kinasema refa akishatangaza mwisho wa mechi, matokeo ni ya mwisho. Mara ya pekee niijuayo ambapo haki ilirudi kwa jaribio la tano ni Novemba 1940. Cornell, wakiwa hawajafungwa, waliwafunga Dartmouth 7-3 kwa jaribio la tano. Walipoitazama filamu ya mechi wakaona, refa naye akakiri, na siku mbili baada ya mechi Cornell wakapeleka simu ya maandishi kuwaachia Dartmouth ushindi. Dartmouth wakaupokea. Matokeo yakaandikwa 3-0. Miaka 50 baadaye Colorado hawakufanya hivyo, wala hakuna kanuni iliyowalazimisha.

Mimi nadhani kanuni hiyo iandikwe. Iwe nyembamba: kosa la kitabu tu, la kwenye mchezo wa mwisho tu, ambapo bila kosa hilo mechi ilikuwa imekwisha. Goti, mstari, kushikana, hayo yabaki uwanjani, la sivyo kila Jumapili itakuwa mahakama. Wenzangu kwenye kikosi hunipinga. Wanasema ukifungua mlango huo kidogo mawakili watauvunja. Wana hoja. Ila Stillwater mwaka 2016 hapakuwa na cha kutafsiri, sheria ilikuwa imeandikwa, na mtu yeyote mwenye kitabu angeweza kutoa jibu kabla wachezaji hawajamaliza kuoga.