Maharage ya jaribio: badilisha kitu kimoja tu

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ni jaribio gani la maharage linalofaa darasa la tano lisilo na maabara. Mimi ningechagua mwanga na giza.

Tafuta makopo mawili yanayofanana, toboa matundu chini, jaza udongo uleule. Kila kopo lipate mbegu 10, si moja. Mbegu moja ikioza, jaribio limekufa na watoto watavunjika moyo. Weka kopo moja dirishani, jingine kabatini. Maji yawe kipimo kilekile, tuseme vijiko 3. Ukibadilisha na maji pia, hutajua tofauti imeletwa na nini.

Kabla ya kupanda, kila mtoto aandike anachotabiri. Wengi watasema ya gizani hayataota. Yataota! Haragwe huhitaji maji, hewa na joto ili liote. Chakula cha kuanzia kimo ndani yake. Tena miche ya gizani hurefuka kuliko ya dirishani, ila huwa myembamba na ya njano. Kwa hiyo wasipime urefu peke yake: waandike pia rangi na unene wa shina, kila siku saa ileile, kwa wiki 2.

Usichukue mbegu zilizopakwa dawa, maana watoto watazishika.